Kati ya Mei na Novemba: safari ya mwanafunzi aliye wa kwanza nyumbani kwao kufika chuo

Binti mmoja wa mtaani kwetu alimaliza kidato cha sita akapata daraja la pili. Julai matokeo yalipotoka mama yake alipika pilau na majirani tulikula. Novemba, wenzake walipokuwa wanapanga foleni za usajili vyuoni, yeye alikuwa barazani kwao anachoma vitumbua. Hakuna chuo kilichomkataa. Vyuo viwili vilimchagua, na ukichaguliwa na zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha unakokwenda kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe. Ile namba ilitumwa, ila ilikwenda kwenye simu ya kijana wa steshenari aliyemjazia fomu, kwa sababu siku ile binti hakuwa na simu na kijana akaweka ya kwake ili kazi iende. Muda wa kuthibitisha ukapita. Nyumbani kwao hakuna aliyejua kuwa kuna kitu cha kuthibitisha.

Naanza na binti huyu kwa sababu tunapozungumzia watoto wa maskini kutofika chuo, mazungumzo yetu huishia kwenye ada. Ada ni mzigo wa kweli, na umepunguzwa kweli. Tangu 2016 wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali Tanzania hawalipi ada, na Julai 2022 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Leo bajeti yake inahesabiwa kwa mamia ya mabilioni ya shilingi. Mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ilifika hata kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Mwenye kusema hakuna kilichofanyika hasemi kweli.

Lakini kati ya mtihani wa mwisho wa kidato cha sita, Mei, na siku ya kupewa kitambulisho cha chuo, Oktoba au Novemba, kuna miezi sita ambayo mwanafunzi si wa shule tena na si wa chuo bado. Mwalimu amemaliza kazi yake, mhadhiri hajaanza ya kwake. Hatua zote nzito zinaangukia humo, na kila moja imepangwa kana kwamba nyumbani kuna mtu aliyewahi kuipitia. Mtoto wa mwalimu au wa nesi huongozwa na mzazi wake, tena bila hata kujua kuwa anaongozwa. Mtoto aliye wa kwanza nyumbani kwao huongozwa na tetesi.

Marekani wanafunzi wa namna hii wana jina rasmi, na mipango ya serikali kwa ajili yao ipo tangu miaka ya 1960. Mmojawapo, Upward Bound, ulitokana na sheria ya 1964. Kwetu hatujawapa jina, pengine kwa sababu zamani wote walikuwa hivyo. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wachache wa sheria karibu wote walikuwa watoto wa wazazi ambao hawakuwahi kukanyaga chuo. Ila dola changa iliwahitaji, ikawabeba: masomo, chakula na malazi vililipwa na serikali. Idadi ilipoongezeka na uchumi kuyumba, sera ya kuchangia gharama ikaingia, na polepole kazi ya kumtafuta anayestahili ikaachiwa fomu. Fomu ndiyo inayoamua sasa.

Tuitazame basi miezi hiyo sita.

Mtihani ukiisha, vijana wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu hivi. Wakiwa kambini, ambako simu si kitu cha kuwa nacho muda wote, dirisha la maombi ya mkopo linafunguliwa. Kwa miaka ya karibuni limekuwa likianza Juni na kufungwa mwisho wa Agosti. Julai matokeo yanatoka na udahili wa vyuo unaanza, awamu kwa awamu. Oktoba majina ya waliopata mkopo yanatangazwa, nayo kwa awamu. Vyuo vinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Ukisoma kwenye karatasi ni ratiba nzuri. Ukiisoma ukiwa kijijini, na mtandao unashika juu ya kilima tu, ni ratiba ya mtu mwingine.

Udahili wenyewe umebadilika kwa namna iliyowagusa hawa kuliko wengine. Kuanzia 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliendesha mfumo mmoja: unaomba mara moja, unapanga kozi unazotaka, mfumo unakupangia. Ulikuwa na kasoro, na wapo waliojikuta kwenye vyuo ambavyo hawakuvipenda. Mwaka 2017 ukaondolewa, na sasa kila mtu anaomba moja kwa moja chuoni. Mwenye kujua anachokitaka alipata uhuru. Asiyejua alipata fomu tano badala ya moja, kila moja na ada yake, kila moja na nywila yake. Na hapo ndipo steshenari ilipogeuka kuwa ofisi ya udahili isiyo rasmi ya nchi nzima.

Siwalaumu vijana wa steshenari. Wengi ni wema, wamejifunza wenyewe, na bila wao watoto wengi wasingeomba kabisa. Lakini mtu mwenye foleni ya watu thelathini Agosti 30 hawezi kukaa na mtoto akamuuliza: unapenda nini, tahasusi yako inaruhusu kozi gani, ushindani wa kozi hii ukoje? Atamwekea zile anazozijua kila mtu: udaktari, sheria, ualimu, uhasibu. Mtoto wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, mwenye alama za wastani anaomba udaktari vyuo vitatu, anakosa vyote awamu ya kwanza, na haambiwi kwamba kuna maabara ya tiba, afya ya mazingira, misitu, uvuvi na sayansi ya chakula, wala kwamba awamu ya pili ipo. Kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU kinayasema yote haya, kozi kwa kozi na masomo yanayotakiwa. Ni kitabu kinene cha kusomwa kwenye kompyuta, kimeandikwa kwa Kiingereza, na aliye wa kwanza nyumbani kwao mara nyingi hajui kama kipo.

Mkopo una ugumu wake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watoto wengi wanapopotea.

Kuomba mkopo wa HESLB unalipa shilingi 30,000. Unatakiwa uwe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Fomu inagongwa muhuri na serikali ya mtaa au kijiji, inathibitishwa na hakimu au wakili, inasainiwa na mdhamini mwenye kitambulisho. Halafu inarudishwa mtandaoni kurasa zote, na ukisahau kupandisha ukurasa mmoja wenye saini, ombi halijakamilika.

Mfikirie yatima. Taratibu za bodi zinampa kipaumbele, pamoja na mwenye ulemavu na anayetoka kaya ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na ni haki kabisa. Lakini baba yake alifariki nyumbani, kijijini, miaka kumi iliyopita, akazikwa siku ya pili, na hakuna aliyefikiria habari ya cheti. Sasa familia inatakiwa kwenda wilayani kusajili kifo cha zamani, na barua ya mtendaji, na mashahidi, na nauli ya kwenda na kurudi zaidi ya mara moja, na yote yawe yamehakikiwa kabla ya Agosti kwisha. Mtoto anayestahili zaidi ndiye anayedaiwa karatasi nyingi zaidi. Cheti cha kuzaliwa nacho ni hivyo hivyo. Mpango wa kuwasajili kwa simu watoto wa chini ya miaka mitano ulianza Mbeya mwaka 2013 ukasambaa mikoani taratibu. Wanaomaliza kidato cha sita miaka hii walizaliwa kabla ya hapo, na wengi waliomba cheti walipokuwa sekondari. Hapo ndipo majina yanapogongana: shuleni anaitwa jina la babu, kwenye cheti jina la baba, na kila herufi iliyopishana inahitaji kiapo.

Tena kuna neno lenyewe, mkopo. Mtaani mkopo ni kausha damu. Mama ameona jirani akichukuliwa makochi na friji kwa deni la laki mbili. Sasa mwanawe anamwambia asaini mkopo wa mamilioni. Nimewahi kukaa na baba mmoja, mkulima mwenye akili sana, aliyekataa katakata kusaini kwa kuogopa shamba. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba mkopo huu hauwekewi rehani ya shamba wala nyumba, kwamba hurejeshwa kijana akianza kupata kipato, na kwamba aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016. Asilimia 15 si kidogo, na mzazi aambiwe hivyo bila kupakwa rangi. Aambiwe pia kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyofanya deni livimbe kila mwaka, ilifutwa 2021. Mzee akielezwa kwa Kiswahili chake, kwa utulivu, bila haraka ya dirisha kufungwa, huamua vizuri tu.

Wengi husema dawa ni elimu kwa umma: matangazo, mabango, vipindi vya redio, semina. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Kilichonibadilisha ni jaribio moja lililofanywa Marekani mwaka 2008, Ohio na mjini Charlotte, North Carolina. Huko ruzuku na mikopo ya chuo huombwa kwa fomu iliyokuwa na maswali zaidi ya mia moja. Watafiti walizifuata familia za kipato cha chini na cha wastani zilizokuja kwenye ofisi za kujaziwa hesabu za kodi. Kundi moja lilisaidiwa kujaza fomu ile papo hapo, kazi ya dakika zisizozidi kumi kwa sababu taarifa nyingi tayari zilikuwa kwenye karatasi za kodi. Kundi jingine lilipewa maelezo tu: makadirio ya fedha ambazo mtoto angepata na maelekezo ya kuomba.

Katika familia zilizosaidiwa kujaza, watoto waliokuwa wanamaliza sekondari na baadaye wakatimiza miaka miwili chuoni walikuwa asilimia 36, dhidi ya 28 kwa wale ambao hawakusaidiwa. Waliopewa maelezo pekee hawakubadilika. Maelezo yalikuwa sahihi, yalikuwa yao wenyewe, yalitaja hata kiasi cha fedha, na hayakusogeza kitu. Kilichosogeza ni mtu aliyeketi mezani nao mpaka fomu ikatumwa.

Mimi husoma matokeo hayo nikiwafikiria kijana wa steshenari na mwalimu wa kidato cha sita, na huona tumeyaweka mambo kinyume: mwenye kumjua mtoto hayupo wakati wa fomu, na aliyepo wakati wa fomu hamjui mtoto.

Jaribio la pili linagusa kitu kingine, yaani wakati. Chuo Kikuu cha Michigan kiliona kwamba wanafunzi hodari kutoka familia za kipato cha chini hawaombi kusoma pale, ingawa wengi wao wangesamehewa ada kama wangeomba. Kuanzia 2015 wakatumiwa nyumbani barua yenye ahadi moja: ukidahiliwa, hutalipa ada kwa miaka minne, na hakuna fomu ya fedha utakayojaza ili kuipata ahadi hii. Kwa wengi wao msaada haukuongezeka kwa maana ya fedha. Kilichoongezeka ni uhakika, tena mapema. Walioomba wakawa asilimia 68 badala ya 26. Waliojiunga wakawa 27 badala ya 12.

Sasa turudi kwetu. Familia inatakiwa iamue Agosti. Jibu la mkopo linakuja Oktoba, pengine na asilimia ambazo hazitoshi, pengine awamu ya pili au ya tatu, pengine baada ya rufaa ambayo wengi hawajui kuwa wana haki ya kuikata. Kwa familia yenye akiba hiyo ni miezi miwili ya wasiwasi. Kwa kaya ya TASAF ni kuambiwa uza mbuzi sasa, jibu utapata baadaye. Ndiyo maana wapo waliopangiwa mkopo ambao hawakufika chuoni kabisa.

Na jambo linalonisumbua ni kwamba kwa kundi hili serikali tayari ina jibu miaka mingi kabla. Kaya iliyomo TASAF inajulikana kwa jina na kwa namba, na mtoto wa kaya hiyo anayesoma kidato cha tano anajulikana. Hakuna kinachozuia apewe barua akiwa bado darasani: ukifaulu kwa kiwango hiki na ukidahiliwa, mkopo wako ni asilimia mia, na karatasi zako tutazihakiki tukiwa hapa hapa shuleni. Fedha ni zile zile ambazo angepata Oktoba, ila sasa mzazi anapanga akijua.

Wakenya nao wamelionja hili. Wao bado wana mfumo mmoja wa kuomba vyuo, KUCCPS, na alama ya C+ inajulikana na kila mzazi kuwa ndiyo mlango wa chuo kikuu. Mwaka 2023 ulipoletwa mpango mpya wa kufadhili masomo, wanafunzi waligawanywa kwa viwango vya uhitaji kufuatana na majibu yao kuhusu hali ya nyumbani, na malalamiko yakaja kwa wingi kutoka kwa waliowekwa viwango wasivyovielewa. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mpango huo kuwa kinyume cha Katiba, na suala likaenda rufaa. Fomu inayokisia umaskini wa mtu asiyekuwepo kujieleza huzaa ugomvi popote.

Nini kifanyike katika shule ya kawaida, bila kusubiri sera? Nimeona mambo machache yakifanya kazi. Vyeti viulizwe kidato cha tano, mwezi wa kwanza wa masomo, si Juni ya mwaka wa kumaliza. Mwaka mzima unatosha kusahihisha jina na kusajili kifo. Kabla ya mtihani wa Mei kila mwanafunzi awe na barua pepe yake na namba ya simu ambayo haitabadilika, hata kama ni ya shangazi, zikiwa zimeandikwa kwenye daftari lake na kwenye daftari la mwalimu. Mzazi aitwe mara moja aelezwe mkopo ni nini. Na wapatikane wahitimu wawili watatu wa shule ile ile, walioko chuo na wako likizo Agosti, wakae kwenye chumba cha kompyuta na wadogo zao. Hawa wana thamani kuliko semina yoyote, kwa sababu walikosea juzi tu na bado wanakumbuka walipokosea. Kambini JKT, maofisa wa HESLB wamekuwa wakifika kutoa maelezo. Wakija na kompyuta na nusu siku ya kujaza, itakuwa bora zaidi ya maelezo.

Halafu kuna wiki za mwanzo chuoni, ambazo watu wazima huzisahau. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wote huiita boom, imepanda miaka ya karibuni kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Ni nafuu kubwa. Ila haiji siku ya kwanza. Kuna kusajiliwa kwanza, kufungua akaunti, kusaini, kusubiri. Katikati hapo kuna nauli ya basi kutoka Kigoma au Tandahimba, godoro, ndoo, na chakula cha wiki mbili tatu. Mwenye ndugu mjini hupita. Asiye na ndugu hulala kwa kubebana, wawili kitanda kimoja, na hula mara moja kwa siku huku akisikiliza mihadhara kwa Kiingereza cha kasi ambacho shule yake haikumzoesha. Akipata sapu ya kwanza, yaani mtihani wa kurudia somo aliloshindwa, anaanza kuamini kwamba pale si mahali pake. Kikundi cha vikoba cha mama zake, au msikiti, au kanisa, kikimchangia laki mbili za wiki hizo tatu, kitakuwa kimefanya kazi ambayo bodi, kwa ukubwa wake wote, haijaifikia.

Yule binti wa vitumbua aliomba upya mwaka uliofuata. Safari hii alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta, namba ya simu ikawa ya mama yake, na nywila aliiandika ndani ya jalada la Kurani ya bibi, mahali ambapo hakuna mtu angeitupa. Sasa yuko mwaka wa tatu. Kila Agosti akirudi likizo, watoto wa mtaa huja na bahasha zao za kaki, hukaa naye pale pale barazani, na anachowauliza kwanza kabla ya kufungua bahasha ni: hii namba ya simu uliyoandika hapa, ni ya nani?